SUMU YA UKUNGU KATIKA MAHINDI NA JINSI INAVYOPIMWA



Iwe ni posho ya mgao au unga ulionunua Kisenyi hapa Kampala, macho na pua haviwezi kukuambia kama una sumu. Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Nyingi kwa mara moja huharibu ini na huweza kuua. Kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu.

Kupika hakusaidii. Moto wa jikoni huua ukungu, lakini sumu hubaki.

INAPIMWAJE?

Siku hizi kipo kipimo cha haraka. Mahindi husagwa, huchanganywa na spiriti, kisha huchujwa. Kijikaratasi huchovywa ndani ya maji hayo na majibu hutoka kwa dakika chache. Kinafanana na kipimo cha malaria, ila husomwa kinyume: mstari ukififia au ukipotea, sumu ipo. Mashine ndogo husoma kiasi chake. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya sehemu 10 katika sehemu bilioni 1. Hapa Uganda kiwango hicho husimamiwa na Shirika la Viwango (UNBS), lenye maabara Bweyogerere, karibu na Kampala.

Mpimaji akichukua punje kutoka magunia mengi, usimkasirikie. Sumu haienei sawasawa: gunia moja huweza kuwa safi na la pembeni yake likawa na sumu.

WEWE UFANYE NINI?

1. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

2. Pima ukavu nyumbani. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa vizuri, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena.

3. Kabla ya kusaga, ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumu itapungua sana, ingawa haiishi yote.

4. Punje hizo usimpe ng'ombe. Sumu huingia katika maziwa ya watoto wako.

5. Mtu akiwa na macho ya njano, akitapika au tumbo likijaa, mpelekeni kliniki upesi. Chukueni na mahindi aliyokula.

Tunajua mgao hautoshi na kutupa chakula kunauma. Lakini konzi moja ya punje mbovu huweza kuharibu sufuria nzima ya familia.