Siku ya Tatu ya Kambale

Wafugaji wanaofika kwenye kituo chetu cha kuangulia samaki, nje kidogo ya Mwanza, huuliza bei ya kifaranga na chakula cha kumnenepesha haraka. Mimi natamani waulize alikula nini siku alipofungua mdomo, kwa sababu kambale wengi hufa kabla ya kutimiza wiki mbili, bwawa lenyewe hawajaliona.

Sato ana mama. Huatamia mayai mdomoni, na watoto wakiogopa hurudi humo humo. Kambale hana malezi hayo. Maji ya mvua yakifurika majanini, jike hutaga usiku, mayai yananata kwenye nyasi, wazazi wanaondoka zao. Kinga yake ni wingi: gramu moja tu ina mayai 600 hadi 700.

Kituoni tunamdunga jike sindano ya homoni jioni, asubuhi tunamkamua. Dume hakamuliki kirahisi. Kwa kawaida huchinjwa ili tupate mbegu. Mayai ni ya kijani yenye ukahawia, madogo kama punje za ulezi, na yakishakutana na mbegu na maji hunata papo hapo kwenye neti. Maji yakiwa na nyuzijoto 28 hivi, yanaanguliwa kwa muda wa siku moja. Maji ya baridi huchelewesha sana.

Anayetoka kwenye yai bado hujamtambua kuwa ni kambale. Ana milimita chache tu, mwili unapitisha mwanga, mdomo haujafunguka, na tumboni kabeba kifuko cha kiini. Mtie kwenye sahani nyeupe umwangalie kwa lenzi: moyo unapiga chini ya koo, mkia hautulii. Mashavu yake hayajakomaa, kwa hiyo hewa ya majini huipata zaidi kupitia ngozi. Funika nusu ya beseni, na muda si mrefu wote wamejazana upande wa giza. Huku sharubu zinachipua, macho yanaingia weusi, na kiini kinapungua saa kwa saa.

Siku ya tatu kiini kinakaribia kwisha, naye lazima ale. Lakini tumbo lake halijawa na tindikali ya kuyeyusha chakula. Hiyo huja siku kadhaa baadaye. Unga mkavu, hata wa bei kubwa, haumjengi ipasavyo, na unaobaki huchafua maji. Anataka kilicho hai. Sisi tunamwangulia artemia, vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake huuzwa kwenye makopo, mengine yakitoka ziwa la chumvi la Utah, Marekani. Vikiingia maji baridi hufa baada ya saa chache, kwa hiyo tunalisha kidogo kidogo, hata usiku. Kopo ni ghali, najua. Asiyelimudu arutubishe maji kwa samadi mapema ili vijidudu vizaliane humo. Njia hiyo naiheshimu. Kuruka hatua yenyewe ni kuwaua.

Wakila vizuri hukua kwa kasi, ila si kwa usawa. Aliyewatangulia wenzake humdaka mdogo mkiani, akammeza mpaka shingoni, kichwa akakiacha. Ukikuta vichwa chini ya beseni, usikimbilie dawa. Watenganishe kwa ukubwa, tena mara kwa mara.

Kati ya wiki ya pili na ya tatu huumbika kiungo cha kupumulia hewa ya juu, na utawaona wanapanda kugusa uso wa maji. Kabla ya hapo, umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, wamekwisha. Kwa hiyo mteja akiniambia, “Mama, nipe hao hao wadogo, nitawalisha pumba,” namkatalia, hata akiwa na fedha mkononi.

Wavuvi wa sangara hawanisumbui kwa hilo. Wao hununua vifaranga wa kambale wawe chambo, na chambo dhaifu hufia kwenye ndoano kabla sangara hajapita. Humimina maji kwenye ndoo, humtia mmoja, na kumtazama anavyoogelea ndipo watoe pesa.