Mbegu za mbwa zinapozua uhasama kati ya wafugaji

WAFUGAJI wa mbwa wa nasaba maalumu huanza ushirikiano wao kwa bashasha. Mmoja ana dume aliyejizolea sifa kwenye maonyesho. Mwingine ana jike wa ukoo mzuri. Wanakubaliana bei, wanapeana mikono na kutakiana heri. Miezi miwili baadaye hawasalimiani tena.

Huenda jike hakushika mimba. Huenda alizaa kilebu mmoja pekee, naye mwenye dume akamtaka huyo huyo. Na siku hizi kuna jambo la tatu linalozidi kuwagombanisha: mbegu za dume zilizosafirishwa kwa ndege zikafika zimekufa, au zikafika hai ilhali wakati wa jike umekwisha kupita.

Mizozo ya aina hii imezoeleka Marekani na Ulaya, ambako ufugaji wa mbwa wa nasaba umekuwa biashara kwa zaidi ya karne moja. Haijakosa kubisha hodi humu nchini pia, ambako mbwa aina ya German Shepherd, Rottweiler na Boerboel hutafutwa sana kwa ajili ya ulinzi.

Ukiichunguza kwa makini, utagundua kwamba mingi ina chanzo kimoja. Mwenye dume huamini kwamba ameuza huduma ya kupandisha. Mwenye jike huamini kwamba amenunua watoto. Kila mmoja ni mkweli kwa nafsi yake, na hakuna karatasi ya kuwaamua.

Tofauti na ng'ombe

Msomaji aliyezoea ng'ombe wa maziwa huenda akashangaa ugomvi huu unatoka wapi. Kwa miongo mingi, wakulima wa Kenya wamenunua mirija ya mbegu za fahali kutoka kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka wa 1946, ambacho leo kinajulikana kama Kenya Animal Genetic Resources Centre (KAGRC). Ng'ombe asiposhika mimba, mkulima hunung'unika, husubiri takriban siku 21, kisha humwita tena mtaalamu. Ni nadra kusikia kisa hicho kimefika mahakamani.

Sababu ni kwamba mambo yake ni wazi. Bei ya mrija inajulikana, fahali si wa jirani, na ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe peke yake.

Kwa mbwa hali ni nyingine kabisa. Dume ni mali ya mtu binafsi, na ada yake hutegemea sifa za mbwa huyo na ushawishi wa mwenyewe. Uzao mmoja unaweza kuwa wa vilebu wawili au kumi, na mara nyingi sehemu ya malipo, au malipo yote, huwa ni kilebu anayechaguliwa na mwenye dume. Zaidi ya hayo, jike aliyekosa kushika mimba hatarudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Kwa kawaida itabidi kungoja miezi sita au saba. Kosa la siku moja hugharimu nusu mwaka, na hapo ndipo hasira huanzia.

Hesabu ya siku na saa

Kipindi cha joto cha mbwa huchukua wiki tatu hivi, lakini siku zinazofaa ni chache mno. Mayai ya mbwa hutoka kabla ya kukomaa. Yanahitaji siku mbili hivi ili yakomae, kisha huishi siku mbili au tatu tu. Daktari wa mifugo huzitambua siku hizo kwa kupima kiwango cha homoni ya projesteroni katika damu, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya siku moja au mbili hadi kiwango kinachotakiwa kifikiwe.

Dume akimpanda jike mwenyewe, maumbile huvumilia makosa ya hesabu. Mbegu zinaweza kuishi ndani ya jike kwa siku tano au hata zaidi zikiyangoja mayai.

Mbegu za kusafirishwa hazina uvumilivu huo. Zile zilizopozwa, yaani zilizochanganywa na kimiminika cha kuzihifadhi na kuwekwa kwenye nyuzijoto 4 au 5, kwa kawaida hutakiwa kutumiwa ndani ya saa 24 hadi 48. Zile zilizogandishwa ndani ya naitrojeni, kwenye baridi ya nyuzijoto 196 chini ya sufuri, zinaweza kudumu kwa miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kufa. Lakini zikishayeyushwa, nguvu zao huisha kwa muda usiozidi siku moja hivi. Ndiyo maana huwekwa moja kwa moja ndani ya tumbo la uzazi, kazi inayohitaji daktari mwenye ujuzi na vifaa maalumu.

Elimu yenyewe si ngeni. Padri na mwanasayansi wa Kiitaliano, Lazzaro Spallanzani, alimpandisha mbwa jike kwa njia hiyo katika miaka ya 1780, naye akazaa vilebu watatu siku 62 baadaye. Vilebu wa kwanza waliotokana na mbegu zilizogandishwa waliripotiwa Marekani mwaka wa 1969. Kilichobadilika tangu wakati huo ni biashara. Mfugaji wa leo anaweza kununua mbegu za dume ambaye hajawahi kumwona, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Lawama zisizo na mwenyewe

Hebu tufuate safari ya mtungi mmoja. Daktari katika nchi ya mbali anakamua mbegu, anazipima na kuzifunga. Kampuni ya usafirishaji inazichukua. Maafisa wa uwanja wa ndege wanakagua stakabadhi. Daktari wa pili anazipokea na kumpandisha jike. Mwenye jike, kwa upande wake, ndiye aliyepaswa kuhakikisha kwamba vipimo vya damu vimefanywa kwa wakati.

Jike asiposhika mimba, kila mmoja katika mlolongo huo ana mtu wa kumnyooshea kidole. Mwenye dume atasema mbegu zilitoka kwake zikiwa salama. Kampuni itasema mtungi ulifika siku iliyoahidiwa. Daktari aliyepandisha atasema alifanya kazi kwa kile alicholetewa. Bila ushahidi, hakuna anayeweza kuthibitisha lolote.

Ushahidi huo, hata hivyo, si mgumu kupatikana. Tone moja la mbegu likiwekwa chini ya hadubini kabla ya kumpandisha jike huonyesha iwapo mbegu zingali zinaogelea, na ni ngapi kati yake zenye kasorobo. Daktari akiandika aliyoyaona, pamoja na saa ya kupokea mtungi na hali yake, sehemu kubwa ya mzozo huwa imepata jibu. Ripoti hiyo ikiwekwa sambamba na ile ya daktari aliyekamua, itajulikana kama hasara ilitokea njiani au la. Mbegu zikiwa hai na majibu ya projesteroni yakionyesha kwamba siku ilikuwa sahihi, huenda kasoro iko kwa jike, au ni majaaliwa tu.

Kuna pia suala la magonjwa. Bakteria aitwaye Brucella canis husambazwa kupitia mbegu na majimaji ya uzazi. Husababisha mimba kuharibika, aghalabu baada ya siku 45 hivi, ni vigumu kumtokomeza ndani ya mbwa, na anaweza kumwambukiza binadamu. Mfugaji anayepokea mbegu bila cheti cha kipimo cha ugonjwa huo ananunua mbuzi kwenye gunia. Vivyo hivyo, mwenye dume anayempokea jike asiyepimwa anahatarisha banda lake zima.

Kanuni zinasemaje?

Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, Fédération Cynologique Internationale (FCI), lililoundwa mwaka wa 1911, lina kanuni za uzalishaji ambazo zimeyagusa karibu mambo yote haya. Hata mfugaji asiyefungwa na shirikisho hilo anaweza kujifunza kwayo.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, dume akishampanda jike, mwenye dume ametimiza wajibu wake na anastahili kulipwa. Mimba haimo katika ahadi yake. Jike asiposhika mimba, ni hiari ya mwenye dume kumpandisha tena bila malipo au kurejesha sehemu ya ada, na jambo hilo linapaswa kuandikwa kabla ya tendo. Mwenye dume anashauriwa asitie saini cheti cha kupandisha hadi alipwe, lakini haruhusiwi kumzuia jike kama rehani.

Kuhusu kilebu wa malipo, kanuni zinataka maandishi yataje ni lini mwenye dume atachagua, ni lini atamchukua kilebu, haki hiyo itakoma lini, nani atalipia usafiri, na itakuwaje vilebu wote wakizaliwa wafu, akizaliwa mmoja tu, au akifa yule aliyechaguliwa. Orodha hiyo si ya kubuni. Kila kipengele ni kovu la ugomvi uliowahi kutokea.

Nchini Marekani, American Kennel Club (AKC) hudai rekodi ya DNA ya dume kabla ya kusajili uzao uliotokana na mbegu zilizopozwa au kugandishwa. Kipimo hicho hujibu swali la nani baba, ambalo si la mzaha, kwa sababu jike mmoja anaweza kubeba kwa wakati mmoja watoto wa madume wawili. Lakini hakijibu swali la nani amlipe nani. Mabishano ya kimkataba huachiwa wahusika wenyewe na mahakama.

Mirija iliyobaki ni ya nani?

Mbegu zilizogandishwa zimeleta fumbo ambalo wafugaji wa zamani hawakulijua. Mtu ananunua mirija kadhaa ili kumpandisha jike wake, anashika mimba kwa sehemu tu ya mirija hiyo, na mingine inabaki ndani ya naitrojeni. Je, anaweza kuitumia kwa jike mwingine? Anaweza kuiuza? Dume akifa na bei ya mbegu zake ikapanda, faida ni ya nani?

Mwenye dume atasema aliuza uzao mmoja. Mnunuzi atasema alinunua mali, na mali ikishalipiwa ni yake. Maneno mawili yangetosha kumaliza ubishi huo mapema, yaani kutaja iwapo kilichouzwa ni idadi ya mirija au idadi ya uzao. Ni muhimu pia kufahamu kwamba mirija kadhaa inaweza kuhitajika kwa upandishaji mmoja, hivyo anayelipia "mirija minne" akidhani ni nafasi nne huenda amejidanganya. Hali kadhalika, anayemuuza dume mwenyewe aseme kama mbegu zilizohifadhiwa zinakwenda naye au zinabaki.

Hapa nyumbani

Nchini Kenya, chama cha East Africa Kennel Club chenye makao jijini Nairobi hutunza sajili ya nasaba na kuandaa maonyesho. Anayeagiza mbegu kutoka ng'ambo anahitaji kwanza kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi zinakotoka. Mtungi uliozuiliwa uwanjani kwa kukosa karatasi hauna wa kulaumiwa ila aliyeuagiza.

Mapatano ya mdomo yanaweza kutambuliwa na sheria, lakini taabu ni kuyathibitisha. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha pesa zilitoka wapi na kwenda wapi. Hauonyeshi zilinunua nini.

Mizozo inaposhindwa kutatuliwa nyumbani, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na si lazima kuwa na wakili. Sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Lakini hakimu naye ataomba maandishi, na muuzaji akiwa nje ya nchi, hata hukumu nzuri inaweza kuwa vigumu kuitekeleza.

Kwa hivyo, kabla jike hajaingia kwenye joto, wahusika na waketi waandikiane. Wataje mbwa kwa namba za usajili. Waseme ada ni kiasi gani na inalipwa lini, na kama ni ya huduma au ya vilebu hai, na wangapi. Waseme nani anagharimia ukamuaji, usafiri na daktari, na hasara ya njiani ni ya nani. Waambatanishe vyeti vya afya. Waeleze jike asiposhika mimba itakuwaje. Karatasi mbili zinatosha, mashahidi wawili nao wanatosha.

Wapo wanaoona haya kumwomba rafiki atie saini, wakihofia kuonekana hawamwamini. Ukweli ni kwamba walioandikiana ndio hubaki marafiki jike anapotoka mtupu. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika ufugaji huu, urafiki nao huisha vivyo hivyo.