Nani amewamaliza samaki wa Malindi?

Wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na vyombo vimepandishwa mchangani, kaa na wavuvi wa Malindi chini ya banda lolote. Mazungumzo yataanzia kwenye siasa au mpira, lakini hayachelewi kufika pale pale: samaki wamepungua. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza nani aliyewapunguza. Mtu wa malema, ile mitego ya kusukwa, atakutajia watu wa juya, ule wavu wa kukokota. Mtu wa juya atasema ni wageni kutoka Pemba wanaokuja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kaskazi ikivuma. Mwenye mtumbwi atawalaumu wenye mashua za mashine, na mwenye mashua atazilaumu meli kubwa za nje ambazo taa zake zinaonekana usiku upeoni. Atakayekuwa amenyamaza hadi hapo atasema kosa ni la serikali.

Kila mmoja ana mshukiwa wake, na ukichunguza utakuta kila mshukiwa ana kosa lake la kweli. Ndiyo maana ubishi huo hauishi. Ndiyo maana pia dawa tunazojaribu haziponyi. Juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado linavutwa katika baadhi ya fuo, mchana kweupe. Marufuku ilimgusa mtu mmoja, mvuta juya, ikawaacha wote aliofungamana nao kama walivyokuwa.

Ipo njia nyingine ya kulitazama jambo kama hili, na haihitaji fedha nyingi. Ni kuchora. Weka nukta kwa kila anayehusika, awe mtu, samaki, mto au ofisi, kisha piga mstari kati ya wanaogusana: nani anamla nani, nani anamdai nani, nani anampa nani habari. Hisabati ya michoro hiyo ni ya zamani. Mwaka 1736 Mswisi Leonhard Euler aliitumia kuthibitisha kwamba haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, katika matembezi mamoja. Jibu halikuwa katika daraja hili wala lile, lilikuwa katika namna yalivyounganishwa. Sisi tuyaache madaraja, twende mwambani.

Kikande ni samaki asiye na sifa kubwa mezani. Ngozi yake ni ngumu, kumchuna ni kazi, na bei yake haifiki ya changu wala tafi. Ila Mungu kampa taya za kuvunjia. Chakula chake kimojawapo ni nungu wa baharini, yule wa mviringo mwenye miiba, ambaye aliyewahi kumkanyaga hahitaji kuelezwa. Samaki wengi humkwepa. Kikande humwendea kwa maarifa. Humpindua, mara nyingine kwa kumpulizia maji kwa nguvu hadi aanguke chali, kisha humvunja kwa upande wa chini ambako miiba ni mifupi. Dakika chache tu, kazi imekwisha.

Sasa, kikande ni mlafi na si mwoga. Akiona chambo ndani ya lema anaingia, akiona ndoana anauma, kwa hiyo mwamba unapovuliwa sana yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Akitoweka, nungu hawana tena wa kuwapunguza. Wanazaana, wanakula mwani, na katika kula huko wanayakwangua matumbawe yenyewe. Mwaka hadi mwaka mwamba unalika, unabaki vifusi. Tafi na pono, ambao ni wala mwani, wanakosa malisho na maficho kwa pamoja. Mtafiti Tim McClanahan, aliyeichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alilinganisha miamba inayovuliwa na ile ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, akakuta nungu wamejaa kupita kiasi nje ya hifadhi. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani hii, pigo hilo liliangukia miamba ambayo mingi ilikuwa imeshadhoofika.

Kwa hiyo mvuvi anayelalamika kwamba tafi wamekwisha, na jana alimtia kikapuni kikande mmoja wa kitoweo cha nyumbani, hana habari kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Hana hatia yoyote. Ila kati ya kikande na tafi kuna mstari, nao unapita kwa nungu ambaye hakuna anayemvua wala kumtaja kwenye kikao.

Mistari ya nchi kavu ni migumu zaidi, kwa sababu ina pesa ndani yake. Ukifika ufuoni vyombo vikiingia utamwona tajiri amesimama na mizani na daftari. Daftari ndilo la kutazama. Mle mna nyavu alizotoa, mashine aliyonunua, na shilingi alizokopesha nyumba fulani wakati wa kusi hapakuwa na kitu. Mvuvi aliyemo daftarini samaki wake wana mnunuzi hata kabla hawajavuliwa, na kwa bei ya tajiri. Mtu huyu ukimwambia apumzishe mwamba miezi mitatu, unazungumza na asiye na uamuzi. Halafu yupo mama karanga, anayechukua samaki wadogo ambao tajiri amewakataa, akawakaanga na kuwauza kando ya njia kwa familia ambazo nguru kwao ni wa harusi. Kaza sheria ya matundu ya nyavu bila kumhesabu, utakuwa umeyazima majiko ya watu wengi waliokuwa hawajui hata nyavu zikoje. Mimi sisemi sheria iachwe. Nasema aliyeitunga alimwona mvuvi peke yake.

Je, kuna ushahidi kwamba mistari hii ina uzito, au ni michoro ya wasomi tu? Upo, na umetoka pwani hii hii. Mwaka 2019 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ulioongozwa na Michele Barnes. Wavuvi 648 katika jamii tano za pwani ya Kenya walihojiwa: unavua samaki gani, kwa chombo gani, na habari za uvuvi unabadilishana na nani. Watafiti wakachora ramani ya nani anashindania samaki na nani, na nani anazungumza na nani, kisha wakazamia kuwahesabu samaki wa miamba yenyewe. Pale ambapo wavuvi wanaogombea samaki wale wale walikuwa pia wanazungumza, mwamba ulikuwa na samaki wengi zaidi na wa aina zenye kazi mbalimbali zaidi.

Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Si pale ambapo wavuvi ni marafiki. Ni pale ambapo washindani wanazungumza. Watu wa malema wakizungumza wenyewe kwa wenyewe kila siku chini ya mwembe, hilo ni jambo jema la kijirani, lakini mstari unaohitajika ni ule wa kutoka kwao hadi kwa watu wa nyavu wanaowatoa samaki kwenye jiwe lile lile. Mstari huo ndio mara nyingi haupo. Watafiti Beatrice Crona na Örjan Bodin waliliona jambo hilo mapema zaidi katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Mombasa. Katika makala yao ya mwaka 2006 walionyesha kwamba ujuzi wa bahari ulizunguka zaidi ndani ya kundi la watu wenye zana moja. Na waliokuwa na ushawishi zaidi kijijini walitoka sana katika kundi moja, la wavuvi wa bahari kuu, ambao hali ya mwamba wa karibu haikuwa shida yao ya kila siku. Viongozi walikuwepo, ila habari mbaya haikuwa ikiwauma.

Tusije tukadhani kuunganishwa ni dawa ya kila kitu. Kijiji ambacho kila mtu ni shemeji au binamu wa mwenzake kina mistari tele, na ndicho ambacho hakuna atakayemshtaki mvunja sheria. Utamripoti vipi mtu ambaye kesho mtazika pamoja? Kwa hiyo si wingi wa mistari unaotafutwa, ni mistari yenye mtu wa kuwajibika. Kuruwitu, upande wa Vipingo, wenyeji waliokubaliana katikati ya miaka ya 2000 kutenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe walihitaji kwanza wazee wa uvuvi walisimamie jambo hilo kwa majina yao. Tengefu lile lilishika, na mwaka 2017 likatunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kuna mstari mmoja ambao hakuna kikao cha ufuoni kinachoweza kuuona, maana unaanzia mbali. Maji ya Athi huanza nyanda za juu karibu na Nairobi, yakapita Ukambani na Tsavo, yakaitwa Galana, na yanapoingia baharini kaskazini mwa Malindi ni Sabaki. Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka kahawia, na wenye hoteli hununa. Udongo huo umeacha kumbukumbu. Tumbawe huongeza tabaka mwaka baada ya mwaka, na madini ya bariamu yanayoletwa na tope la mto huingia katika tabaka la wakati huo. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha vipimo vya tumbawe moja la hifadhi ya Malindi lililoota kwa takriban miaka 300. Karne mbili za mwanzo bariamu ilikuwa kidogo na haikubadilika sana. Karne ya 20 ilipoanza ikapanda, ikaendelea kupanda.

Karne hiyo ndiyo iliyoleta walowezi nyanda za juu na kuwabana Wakamba katika maeneo yaliyotengwa. Ardhi ilipoanza kumomonyoka, serikali ya kikoloni nayo ilitafuta mshukiwa mmoja ikampata: ng'ombe wa Mkamba. Mwaka 1938 ikaamuru mifugo iuzwe kwa nguvu, na Samuel Muindi Mbingu akawaongoza watu wake kwa miguu hadi Nairobi kupinga. Nani angewaambia siku ile kwamba jiwe moja chini ya maji ya Malindi lilikuwa likiandika kesi yao? Leo mkulima wa Machakos anayetunza matuta yake ya fanya juu anamfanyia mvuvi wa Mayungu hisani kubwa kuliko semina nyingi. Hawajuani, na sioni baraza lolote linaloweza kuwakutanisha wawili hao.

Asiyejali samaki atazame watoto. Kilifi mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989. Kati ya 2009 na 2010 watafiti wake walifuata nyumba 47 mashambani, zenye watu 493, wakichukua vipimo vya pua mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Walitaka kujua virusi vya RSV, vinavyobana vifua vya watoto wachanga, vinamfikiaje mtoto ambaye hatoki nyumbani. Mama ndiye anayembeba mchana kutwa, kwa hiyo wengi wangeanza na mama. Vipimo vilionyesha kwamba mara nyingi aliyeviingiza nyumbani ni kaka au dada wa mtoto huyo anayesoma shule. Darasa ndilo linaloziunganisha nyumba ambazo vinginevyo zisingekutana. Kwa hiyo njia mojawapo ya kumkinga mchanga ni kuwakinga wanaomzunguka, na mwalimu mkuu anakuwa mtu wa afya hata kama hana koti jeupe.

Hapo ndipo mipango yetu inapokwama. Afya ina idara yake, elimu yake, uvuvi yake, na kila moja ina bajeti yake. Matatizo yenyewe hayakugawiwa hivyo. Mto hauulizi unaingia wizara gani.

Ombi langu kwa wenyeviti wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, kuanzia Ngomeni hadi Takaungu ni dogo. Kikao kijacho, kabla ya ajenda ya faini na leseni, kila mwanachama aandike majina ya watu watatu anaozungumza nao habari za bahari, na aina ya zana anayotumia. Yabandikwe majina hayo kwenye ubao, mistari ipigwe mbele ya wote. Mkiona watu wa malema na watu wa nyavu hawana hata mstari mmoja kati yao, anzieni hapo. Na mama karanga waitwe kwenye kikao hicho hicho, si kinachofuata.