Jasho Si Shahamu

Swali ni lile lile, na safari hii limeletwa na fundi cherehani wa hapa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama wa makamo, mstahiki na mwenye akili timamu, aliyeningoja hadi wagonjwa wote wakaondoka, akaurudisha mlango, akainua upindo wa blauzi yake na kunionyesha kitu alichokuwa amekivaa tangu alfajiri: mshipi mweusi wa mpira, upana wake kama viganja viwili, umemkaza kutoka mbavuni hadi nyongani, na pembeni mwake ngozi imetutumka harara. “Daktari,” akasema, “mimi wasaa wa mazoezi sina. Nakaa kwenye cherehani tangu saa moja asubuhi mpaka magharibi, na usiku ni wa watoto. Huu mshipi unanitoa jasho nikiwa nimekaa. Hautoshi?”

Hautoshi, mama. Na kabla yake nilimwambia hivyo hivyo kijana wa bodaboda anayekwenda na kurudi Mbarara, ambaye huvaa mfuko wa nailoni chini ya koti lake juani. Na kabla ya kijana huyo, mkalimani anayeshinda kitini ofisini. Na kabla ya mkalimani, wakala wa pesa za simu ambaye kibanda chake hakina hata nafasi ya kunyoosha miguu. Wote wanaamini kwamba jasho ni mafuta ya mwili yaliyoyeyuka yakapata njia ya kutokea, na kwamba, kwa hiyo, kila kitoacho jasho kinaweza kuwekwa mahali pa mwendo. Nimewajibu mmoja mmoja, taratibu, mwaka hata mwaka, na nakiri kwamba subira imenipungukia. Kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayekuja kesho nimpe karatasi aisome kabla hajaitoa fedha yake mfukoni.

Mama yule nilimwomba arejee siku ya pili kabla hajauvaa mshipi wake. Mizani ikasoma kilo 84. Akauvaa, akaketi kwenye benchi letu akishona vifungo kwa saa tatu pasipo kunywa kitu, kisha akaufungua, akajipangusa, akapanda tena: kilo 83 na gramu 600. Uso ukamnawiri, akawa tayari kunishukuru. Nikampa vikombe viwili vya maji, akavinywa akiwa amesimama, nikamwambia apande mara ya tatu, na mizani ikarudi pale pale ilipokuwa asubuhi. Alinitazama kwa muda mrefu asiseme neno, nami sikumwongezea neno, maana lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mwenye kuelewa hilo amekwisha kuelewa nusu ya makala haya.

Jasho ni maji yenye chumvi kidogo, ambayo mwili huyatoa juu ya ngozi kwa muradi mmoja tu, nao ni kujipoza: yanapokauka huondoka na joto, na lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huchukua joto la kadiri ya kalori 580, zile zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Wako wauzaji walioisikia hesabu hii nusu nusu, wakaigeuza kuwa tangazo, ilhali joto hilo linaloondolewa halitokani na shahamu iliyochomwa kwa ajili ya jasho. Ni joto lililokuwako tayari, jingine la jua la adhuhuri na jingine la bati la kibandani. Na hata huko kujipoza mshipi unakuzuia, kwa kuwa jasho lililofungiwa chini ya mpira halikauki; linatiririka, linalowesha nguo, wala halikupozi kitu, na mwili kwa kuona joto halishuki huzidi kutoa maji mengine. Aliyevaa mshipi ule amejifunika kifuniko kama cha sufuria ya maharage, naye anayahesabu matone yaliyoganda chini ya kifuniko kuwa ni ushindi.

Basi shahamu huenda wapi, mtu anapokonda kweli? Mwaka 1914 wasingejibu wengi, na mwaka 2014 bado wengi hawakujibu, kwani wanazuoni wawili wa Australia waliolichapisha jawabu lake mwaka huo katika jarida la matabibu wa Uingereza, walipowauliza madaktari, wataalamu wa lishe na makocha, waliona wengi wao wamekosea. Jawabu ni kwamba katika kila kilo 10 za shahamu inayotumika mwilini, kilo 8 na gramu 400 hutoka mapafuni zikiwa hewa ya ukaa, na kilo 1 na gramu 600 zilizosalia huwa maji. Mtu huipumua shahamu yake. Ile pumzi ya haraka ya mama anayepanda kilima na mtoto mgongoni ndiyo njia yake kubwa ya kutokea, na pumzi hiyo haiongezeki kwa kubanwa kiuno. Huongezeka misuli inapofanya kazi, nayo misuli ya mtu aliyeketi, hata akirowa kama aliyeogelea ziwa Nakivale, haifanyi kazi yoyote ya haja.

Watasema, basi angalau tumbo linapungua pale pale linapobanwa. Hilo nalo lilikwisha kupimwa. Mwaka 1971 waganga wa Marekani waliwapima mikono wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umepiga mpira kwa miaka mingi na wa pili umeshinda bure, wakakuta mkono wa kazi una msuli mnene zaidi, lakini tabaka ya shahamu chini ya ngozi ni ile ile kwa mikono yote miwili. Mwili huchukua shahamu unapotaka wenyewe, wala hauchagui mahali kwa kuelekezwa. Kiuno kinachoonekana chembamba jioni baada ya kufunguliwa mshipi ni kiuno kilichobonyezwa, na kabla ya isha kimerudi.

Ningenyamaza kama hasara ingekuwa ya fedha peke yake, ingawa kwa mtu anayehesabu posho ya mwezi fedha hiyo si ndogo. Harara, fangasi za mikunjo na kizunguzungu ndiyo mambo ninayoyaona. Yaliyo mabaya zaidi yalionekana Marekani mwaka 1997, wakati wanamieleka watatu wa vyuo vikuu, vijana wenye siha ambayo sisi sote tungeitamani, walipofariki kati ya Novemba na Desemba wakijikondesha kwa haraka, wamevaa mavazi ya mpira yasiyopitisha jasho na kufanya mazoezi katika joto, mpaka chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko kikayapiga marufuku mavazi hayo. Vijana wale walikuwa na kocha karibu nao. Kijana wangu wa bodaboda yuko peke yake barabarani na nailoni yake, akishikwa na kizunguzungu kwenye mteremko huku amembeba mama na mtoto.

Hata hivyo, uhaba wa wasaa ni kweli. Taarifa moja ya mwaka 2018 iliyokusanya hesabu za nchi 168 iliiweka Uganda katika nchi zenye watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha na mwili, chini ya watu 6 katika kila 100, na sote tunajua kwamba sifa hiyo haikuletwa na kumbi za mazoezi za Mbarara. Imeletwa na jembe, na kuni, na majerikeni ya maji, na njia ndefu za miguu. Mama anayelima tangu alfajiri kisha akateka maji mara tatu hana deni la mazoezi, na atakayemwambia aruke kamba jioni amemdhulumu. Yeye anahitaji kulala na kula. Ninaowaandikia ni wale waliotoka kwenye jembe wakaingia kwenye kigoda, kiti, na tandiko la pikipiki, ambao jioni huchoka kwelikweli na kwa hiyo hudhani kwamba mwili umefanya kazi, kumbe kilichochoka ni mgongo, macho na roho. Tabibu Jerry Morris na wenzake waliliona hilo London, wakalichapisha mwaka 1953: madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta wao waliopanda na kushuka ngazi za basi lile lile, katika saa zile zile za kazi. Kondakta hakuwa na wasaa zaidi ya dereva. Alikuwa na ngazi.

Na hapa ndipo mwulizaji wangu anapokosea swali lenyewe. Anauliza ni kitu gani kitakachomwondolea haja ya mwendo, kwa kuwa ameaminishwa kwamba mazoezi ni saa nzima, viatu maalumu, kabla ya chai, na kwamba pungufu ya hapo ni kazi bure. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani, ambazo ni kama dakika 22 kwa siku. Na zamani lilisema zisihesabiwe ila zikifululiza dakika 10 au zaidi, lakini katika mwongozo wa mwaka 2020 liliondoa sharti hilo. Sasa dakika 3 ni dakika 3. Mtu mwenye pilikapilika hana saa nzima, nakubali. Makombo ya dakika anayo, na makombo hayo yanahesabiwa.

Kuhusu hamu, wengi hunijia wakiisubiri, kana kwamba itawashukia asubuhi moja na kuwainua kitandani. Hamu aghalabu huja nyuma ya miguu. Mwaka 2002 lilichapishwa jaribio la wanafunzi wa chuo kikuu Uingereza: waliohubiriwa faida za mazoezi wakaachwa hivyo, waliofanya hawakufika 40 katika 100, sawa na wasiohubiriwa; lakini walioambiwa fauka ya hayo waandike siku, saa na mahali watakapofanyia, waliotimiza walikuwa 91 katika 100. Mama fundi ameandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani yake: nikimaliza kila nguo, nitainuka kigodani mara kumi pasipo kushika meza, nikienda kumchukua mtoto shuleni, nitapanda njia ya juu. Mambo mawili, kila moja limefungamana na jambo ambalo halina budi kutokea.

Nataka kusema neno moja kwa wale ambao hamu haiji hata baada ya miguu, ambao kwa majuma mawili au zaidi hawakulala vizuri, hawaonji chakula, wala hawafurahii watoto wao, maana katika makazi haya yaliyofunguliwa tangu 1958 wako watu waliobeba mambo mazito, na wamengoja safari au habari ya ndugu kwa miaka. Huo si uvivu, wala msikubali mtu awaite wavivu. Ni maradhi yenye tiba. Nendeni kwa mshauri au kwenye zahanati mkaseme kama mlivyo, na kutembea kila siku na jirani kutasaidia tiba hiyo, pasipo kuchukua nafasi yake.

Sasa ya kufanya, nayo hayana siri. Tembea kwa kasi ambayo waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye bodaboda kituo kimoja kabla ya ofisi. Dereva wa bodaboda naye, akisubiri abiria, ashuke tandikoni atembee. Kuinuka na kuketi, kusukuma ukuta kwa mikono, kubeba jerikeni la lita 10 kila mkono na kuzunguka ua: siku mbili kwa juma, misuli yote mikubwa, mpaka ichoke. Pushapu hazihitaji ukumbi. Mwaka 2020, wakati wa kufungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alijionyesha akizipiga ofisini mwake na kukimbia huku na huku mle mle ndani. Akina mama wasitoke gizani kwa ajili ya mazoezi. Kamba ndani ya ua inatosha, na mwenzi mmoja ni bora kuliko saa ya ukutani. Kandambili zafaa kutembelea, kukimbilia hapana. Kunyweni maji. Na tumbo lisiwe ndilo mizani ya kazi yenu, kwa sababu kilo moja ya shahamu ina kalori zipatazo 7,700, na nusu saa ya mwendo wa haraka haichukui zaidi ya 150 au kitu kama hicho. Chakula kina sehemu kubwa hapo, lakini presha, sukari na usingizi vitatengenea kabla gauni halijalegea.

Anayebanwa na kifua akipanda kilima, anayeanguka kwa kizunguzungu, na mwenye kidonda cha mguu kisichopona, wasianze kabla hatujawaona. Na anayemeza vidonge vya presha vinavyokojoza huku amevaa mshipi ule, auvue leo, anywe maji, na kesho asubuhi aje apimwe.