Mwembe Mkongwe Usikatwe Upesi

Huko Chaani, upande wa Changamwe, nyumba zimesongamana na nyua ni haba. Basi mwembe usiozaa huonekana kuwa mzigo, na shoka hunolewa. Lakini mwembe ulioachwa si lazima uwe umekufa. Mwenyewe na akwangue gome kwa kisu: likiwa bichi ndani, mti ungali hai.

Baada ya mavuno, akate matawi makavu na yale yenye kirukia, kisha apunguze ya katikati ili jua na hewa vipenye. Kazi hiyo aigawanye kwa miaka miwili au mitatu. Samadi itiwe chini ya ncha za matawi, wala isirundikwe shinani.

Mti uzaapo, tunda ndilo litakalotaja jina lake. Embe ngowe ni refu, lenye ncha iliyopinda. Embe liitwalo Apple, lenye asili ya pwani karibu na Malindi, ni la mviringo, nalo likiiva hupata wekundu. Yote mawili hayana nyuzi.

Shoka ni kazi ya saa moja; kivuli cha mwembe ni kazi ya miaka mingi.