KUINGIA TENA ULAYA KWA MATEMBEZI BILA VIZA: MAELEZO YA HESABU YA SIKU 90

Wasafiri wengi waliosamehewa viza huamini kwamba mtu akishatoka katika nchi, siku zake huanza kuhesabiwa upya pindi aingiapo tena. Dhana hiyo si sahihi kwa nchi za Kanda ya Schengen, barani Ulaya, na hasara yake ni kubwa. Aliyezidisha siku huweza kutozwa faini, kurudishwa alikotoka, au kupigwa marufuku kuingia kwa muda. Maelezo haya yanawahusu wakaazi wenye jamaa huko, na watumishi wanaokwenda safari za kikazi.

WANAOHUSIKA

Kanda ya Schengen imepata jina lake kutokana na kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wake ulitiwa saini tarehe 14 Juni, 1985. Tangu tarehe 1 Januari, 2025, Bulgaria na Romania zilipokamilisha kujiunga, Kanda ina nchi 29. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Uingereza hazimo.

Raia wa Mauritius na Shelisheli wamesamehewa viza tangu mwaka 2009. Raia wa Uingereza, wakiwemo wenye asili ya Zanzibar, wanafungwa na hesabu hii tangu tarehe 1 Januari, 2021, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Raia wa Tanzania huhitaji viza. Hata hivyo, mwenye viza ya muda mfupi ya kuingia mara nyingi naye hufuata hesabu hiyo hiyo, pamoja na idadi ya siku iliyoandikwa katika viza yake.

HESABU YENYEWE

Mgeni anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Utaratibu wa sasa wa kuhesabu ulianza tarehe 18 Oktoba, 2013. Kipindi hicho hakina tarehe maalum ya kuanzia. Kila siku ambayo mgeni yumo ndani ya Kanda, afisa huhesabu siku 180 kurudi nyuma, siku hiyo ikiwemo, kisha hujumlisha siku zote alizokaa. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Nchi zote za Kanda huchukuliwa kuwa ni moja: aliyekaa Ufaransa siku 20 na Uholanzi siku 15 ametumia siku 35.

Mfano wa kwanza: msafiri ameingia tarehe 1 Januari, 2026 na kutoka tarehe 31 Machi. Ametumia siku zote 90. Akivuka kwenda London kwa wiki moja na kutaka kurejea Paris, hana hata siku moja iliyosalia. Siku ya mwanzo anayoweza kuingia tena ni tarehe 30 Juni, kwa kuwa siku hiyo ndipo tarehe 1 Januari inapotoka katika hesabu.

Mfano wa pili: msafiri amekaa siku 40, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 9 Februari, kisha siku 50, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 19 Juni. Naye anaweza kurejea tarehe 30 Juni, lakini hapati siku 90. Siku zinazomrudia ni zile 40 za mwanzo tu, hivyo analazimika kutoka ifikapo tarehe 8 Agosti. Hapa ndipo wengi hukosea: kuruhusiwa kuingia si sawa na kupewa muda kamili.

YA KUZINGATIA

Msamaha wa viza si haki ya kuingia. Afisa wa mpakani anaweza kumuuliza msafiri sababu ya safari, mahali atakapofikia, fedha za matumizi na tiketi ya kurudi. Paspoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, na muda wake uendelee kwa miezi mitatu au zaidi baada ya tarehe ya kuondoka katika Kanda.

Mtumishi anayehudhuria semina kwa viza ya muda mfupi, kisha akabaki kutembelea jamaa, ajue kwamba siku za semina na za matembezi ni hesabu moja. Siku alizokaa mtu kwa kibali halali cha ukaazi hazimo katika hesabu hiyo.

Tangu tarehe 12 Oktoba, 2025 ulianza kutumika mfumo wa kompyuta unaorekodi picha ya uso, alama za vidole, na tarehe za kuingia na kutoka, uliowekwa kuchukua nafasi ya mihuri. Mfumo huo hujumlisha siku wenyewe. Kutegemea mhuri uliofifia au afisa aliyepitiwa si jambo la kujaribu.

Kwa hiyo kila msafiri aandike tarehe zake zote za kuingia na kutoka, ahesabu siku 180 kurudi nyuma kuanzia siku anayotarajia kutoka, na afanye hivyo kabla ya kununua tiketi.