Pikipiki Kuukuu Haifeli kwa Uzee

Jamaa akitaka kununua pikipiki hapa Uingereza, swali la kwanza analoulizwa na wenzake ni la mwaka. Akisema ni ya 2006 watamwambia aachane nayo. Akisema ni ya 2021 watampongeza. Hoja yao ni kwamba chombo cha zamani kitamtia hasara kila mwaka kwenye MOT, ule ukaguzi wa lazima. Inaingia akilini, lakini matokeo ya ukaguzi wenyewe hayakubaliani nao moja kwa moja.

MOT ilianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa waziri wa uchukuzi, na wakati huo ilihusu vyombo vilivyotimiza miaka 10. Tangu 1967 chombo hukaguliwa kikifikisha miaka 3, halafu kila mwaka. Pikipiki na magari hufuata ratiba hiyo hiyo, ila Ireland Kaskazini husubiri hadi miaka 4 itimie. Na tangu zamani pikipiki hufaulu kuliko magari. Zinazofeli mara ya kwanza ni chini ya moja kati ya tano, wakati magari madogo hukaribia tatu kati ya kumi. Si ajabu. Pikipiki haipimwi moshi, vitu vya kukaguliwa ni vichache, na karibu vyote viko wazi: ukiinama tu unaiona cheni iliyolegea au tairi iliyobaki kipara.

Sasa tuje kwenye umri. Serikali ilipotaka kuviondolea ukaguzi vyombo vilivyotengenezwa kabla ya 1960, ilitoa takwimu za mwaka 2009 zilizowashangaza wengi. Vyombo hivyo vikongwe, magari kwa pikipiki, vilifeli mara ya kwanza kwa chini ya asilimia 10. Vilivyotengenezwa baada ya hapo vilifeli kwa zaidi ya asilimia 30. Msamaha ulianza Novemba 2012, na tangu tarehe 20 Mei 2018 unahusu chombo chochote kilichopita miaka 40, mradi hakijafanyiwa mabadiliko makubwa.

Usikimbilie kusema kwamba chuma cha zamani kilikuwa kizuri zaidi. Takwimu zile zile zilionyesha kuwa theluthi mbili ya wenye vyombo hivyo huviendesha chini ya maili 500 kwa mwaka. Pikipiki ya namna hiyo hulala gereji majira yote ya baridi, ikifunikwa, na Jumapili yenye jua mwenyewe huitoa kwa matembezi. Mbovu za rika lake zilishauzwa vyuma chakavu miaka mingi iliyopita, kwa hiyo zinazofika kwa mkaguzi ni zile zilizopata wa kuzipenda. Tena sheria yenyewe inazihurumia. Pikipiki iliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1986 hailazimiki kuwa na indiketa. Iliyoanza kabla ya Aprili mwaka huo hailazimiki kuwasha taa ya breki kwa breki zote mbili. Kisichodaiwa hakiwezi kukuangusha.

Ilinganishe na skuta ya 125 yenye umri wa miaka mitatu, ile wanayotumia vijana wetu wengi kupeleka chakula London, Birmingham na kwingineko. Inafanya kazi mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe, kwenye barabara zilizomwagwa chumvi kuzuia barafu. Chumvi hiyo huingia kwenye kaliper za breki na viungo vya nyaya. Sanduku la mzigo linaielemea shokapu ya nyuma. Mwenyewe analipwa kwa safari, hivyo saa moja ya kubadilisha pedi za breki ni saa ya kukosa pesa. Skuta hiyo kwa umri ni mtoto, lakini kwa maili imeshazeeka. Zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa maoni yangu, ni zile za miaka kumi hadi ishirini zilizopitia mikono mitano: bei yake imeshuka kiasi kwamba mwenyewe anaona spea mpya ni ghali kuliko chombo, na bado anaitegemea kila siku.

Nini huiangusha pikipiki, basi? Zinazoongoza ni taa. Balbu iliyoungua, taa ya mbele iliyoelekezwa vibaya, swichi ya breki iliyokufa. Ni mambo ya dakika chache na pauni chache, na ndiyo maana nasema wengi wanafeli kwa kutokuitazama pikipiki yao. Baada ya taa hufuata breki, matairi na mfumo wa usukani na shokapu. Hapo ndipo umri unapouma kweli.

Mtazame mkaguzi akiwa kazini. Anaiinua pikipiki hadi gurudumu la mbele liache sakafu, kisha anaushika usukani na kuuzungusha polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukinata kidogo pale katikati, kama unaotaka kukaa hapo hapo, beringi za shingo zimekwisha. Anashika shokapu za mbele kwa chini, anazivuta na kuzisukuma akisikiliza mgongano. Anapitisha kidole kwenye nguzo zake. Kikitoka na oili, sili imekufa. Breki anaipima kwa mashine: moja lazima ifikie ufanisi wa angalau asilimia 30, na nyingine isipungue 25. Mifereji ya tairi iwe na kina cha milimita 1 katika robo tatu ya upana wake, tofauti na gari linalodaiwa 1.6. Na ekzosi iliyopigwa chapa kwamba si ya barabarani inakuangusha papo hapo, hata ikiwa mpya na inang'aa.

Kuna jambo wanunuzi husahau. MOT haigusi hali ya injini, klachi wala gia. Pikipiki inaweza kufaulu asubuhi na injini ikafa jioni, na mkaguzi asilaumiwe. Pia tairi inaweza kuwa na mifereji mizuri huku mpira umekauka kwa kukaa miaka kumi. Soma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Kwa upande wa injini, za zamani nyingine zina sifa zake. Honda CG125, iliyoanza kuundwa mwaka 1976, ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki haipati huduma ya mara kwa mara. Viwanda vingi vya China viliiga injini yake, na bodaboda nyingi kwetu zinatembea kwa injini za ukoo huo. Ukiipata hapa iliyotunzwa, fundi yeyote aliyekulia Kariakoo au Gikomba ataifungua bila kitabu. Tatizo lake London ni jingine: tangu Agosti 29, 2023, eneo la ULEZ, linalotoza vyombo vinavyochafua hewa, limefika mipaka yote ya jiji, na pikipiki isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 3 inatozwa pauni 12.50 kwa siku. Nyingi zilizosajiliwa kabla ya Julai 2007 zimo humo. Kufaulu MOT hakukuondolei tozo hiyo.

  

Kabla hujatoa pesa yako, chukua namba ya pikipiki uiweke kwenye huduma ya serikali ya historia ya MOT. Ni bure, na rekodi zinarudi hadi 2005. Usiishie kwenye neno la kufaulu. Soma maonyo ya kila mwaka: kama cheni imeonywa mara tatu mfululizo, muuzaji huyo hana mkono wa matunzo. Linganisha maili za mwaka huu na za mwaka jana; zikirudi nyuma, ondoka. Pikipiki ya 2006 yenye rekodi safi ninainunua mbele ya ile ya 2021 iliyofeli breki mara mbili.

Na wewe mwenye yako, ipeleke mapema. Ikikaguliwa ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, tarehe yako ya mwaka ujao haibadiliki. Ada ya juu kabisa kwa pikipiki isiyo na kitoroli cha pembeni ni pauni 29.65. Faini ya kuendesha bila cheti inafika pauni 1,000.